Je, Kuvaa Sura ya Mtu Mwingine ni Uongo?

Siku chache kabla ya Pasaka nalijiwa na mzee mmoja wa kijiji chetu, mtu mwenye heshima na mwenye kusali, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Kisa chake ni hiki. Shuleni tulikuwa tukitengeneza mchezo wa Mateso ya Bwana, nami nalimchagua mjukuu wake, mvulana wa miaka 12, awe Yuda, kwa kuwa ana sauti nzuri na akili ya kushika maneno. Hazikupita siku tatu, watoto wenziwe wakaanza kumwita Yuda njiani na kisimani. Mtoto akalia, akakataa kuja shuleni. Ndipo babu yake akanijia nyumbani.

Baada ya kusalimiana akaniambia, "Mwalimu, jioni mimi hukaa pale dukani nikatazama televisheni pamoja na vijana. Juma lililopita nalimwona mtu mmoja akipigwa risasi, akafa, akazikwa, na mkewe akalia. Juzi nikamwona mtu yule yule amevaa koti la daktari, anawatibu wagonjwa. Nikauliza, nikaambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na kwamba hulipwa fedha nyingi. Sisi tulifundishwa kwamba mtu asiye daktari akijifanya daktari ni mwongo. Sasa nanyi shuleni mwamfundisha mjukuu wangu kazi hiyo hiyo, tena mmempa jina la msaliti. Niambie, uongo umekuwa halali tangu lini?"

Nalimjibu maneno machache ya haraka, naye hakuridhika, wala mimi mwenyewe sikuridhika. Usiku ule nikawaza sana. Nikakumbuka habari za mwigizaji mmoja wa Uingereza ambazo nalizisoma zamani, nikaona kwamba swali la mzee limo lote katika maisha ya mtu yule, na sehemu kubwa ya jawabu imo pia. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia, maana nadhani mzee huyu si peke yake mwenye swali hili.

Jina la mtu huyo ni Alec Guinness. Alizaliwa London tarehe 2 Aprili 1914. Katika cheti cha kuzaliwa kwake, mahali pa jina la baba paliachwa wazi, na hata alipofika miaka 14 alikuwa amekwisha kuitwa kwa majina matatu mbalimbali. Yamkini mtoto wa namna hiyo huanza mapema kujiuliza yeye ni nani. Kwanza alifanya kazi ya kuandika matangazo ya biashara, kisha akaiacha akajifunza uigizaji, na mwaka 1934 akapewa nafasi ndogo katika mchezo wa Hamlet uliotungwa na Shakespeare. Vita vya pili vya dunia vilipokuja aliingia katika jeshi la wanamaji, akawa ofisa wa mashua ya kushushia askari pwani, naye alikuwamo katika shambulio la Sisili mwaka 1943.

Baada ya vita akaingia katika sinema, na hapo ndipo watu walipostaajabu. Katika sinema moja ya mwaka 1949, iitwayo Kind Hearts and Coronets, alikuwa watu 8 wa ukoo mmoja, wazee na vijana, kasisi, jemadari wa merikebu, hata bibi mmoja mwenye kofia kubwa. Mwaka 1951 alikuwa karani mpole wa benki aliyeiba dhahabu. Mwaka 1962 alikuwa mwana wa mfalme wa Waarabu. Mwaka 1977 alikuwa shujaa mzee katika hadithi ya vita vya nyota. Na mwaka 1979, alipokuwa na miaka 65, aliingia katika televisheni ya BBC akawa mpelelezi mzee wa serikali, mtu wa maneno machache anayefuta miwani yake, katika hadithi ya sehemu 7. Watu walisema kwamba yeye mwenyewe akipita njiani, hakuna aliyemtambua. Alifariki tarehe 5 Agosti 2000, mwenye miaka 86.

Basi tuulize kama mzee alivyouliza: Je, mtu huyu alikuwa mwongo kwa miaka zaidi ya 60?

Hatuna budi kwanza kufahamu uongo ni nini. Uongo si kusema tu neno lisilotokea. Mwongo hutaka kuingiza katika moyo wa mwenzake jambo ambalo si kweli, naye huficha kwamba anafanya hivyo. Katika Maandiko twasoma kwamba Yakobo alivaa mavazi ya Esau, akafunga ngozi za wana-mbuzi mikononi, akamwendea baba yake aliyekuwa haoni. Huo ni uigizaji, nao ulikuwa uongo, maana Isaka hakujua, na Yakobo aliondoka na baraka isiyokuwa yake. Lakini twasoma tena habari za nabii Nathani. Alimwendea Daudi akamsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Tajiri yule hakuwako wala kondoo hakuwako. Hata hivyo Nathani hakudanganya, kwa kuwa hadithi yake ilikuwa njia ya kumfikisha mfalme penye kweli, naye hakumwacha katika hadithi ile. Mwisho aliifunua, akamwambia kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Yakobo alijifunika ngozi ili kweli isionekane. Nathani alimvika Daudi sura ya mwingine kwa kitambo kidogo, ili Daudi ajione.

Mwigizaji mwema ni wa upande wa Nathani. Mtu akikaa mbele ya televisheni, au katika jumba la michezo, amekwisha kukubali tangu mwanzo kwamba aonalo ni hadithi. Mchezo ukiisha, aliyekufa husimama, akavua nguo, akaenda zake kula chakula chake. Pana mapatano kati yake na watazamaji, wala hapana aliyeibiwa. Katika lugha ya Kiyunani, ambayo Agano Jipya liliandikwa kwayo, neno linalofasiriwa "mnafiki" lilikuwa kwanza jina la mwigizaji wa mchezo. Bwana wetu alipowashutumu wanafiki, alikuwa akisema juu ya watu walioigiza njiani na sokoni, ambao mchezo wao haukuwa na mwisho, wala hawakuvua sura zao hata usiku. Mnafiki huvaa sura asimwambie mtu, akatumaini kufa nayo.

Tena, ndani ya hadithi mwigizaji aweza kutia kweli nyingi. Nitawapa mfano mmoja wa Guinness. Mwanawe wa pekee alipokuwa na miaka 11 alishikwa na ugonjwa wa kupooza uitwao polio, akawa hawezi kutumia miguu yake. Baba alikuwa akitoka kazini jioni, akaingia katika kanisa dogo lililokuwa njiani, akakaa kimya. Baadaye Mungu akajalia, mtoto akaanza kusimama, kisha kutembea kwa taabu, akiyumba. Mwaka 1957 Guinness aliigiza katika The Bridge on the River Kwai, sinema ya askari wa Kiingereza waliotekwa na Wajapani. Yeye alikuwa mkuu wao, aliyefungiwa siku nyingi katika sanduku la bati juani kwa kuwa hakukubali amri isiyo ya haki. Ilipofika saa ya kutoka katika sanduku lile na kutembea mbele ya askari wake, alitembea kama mwanawe alivyotembea alipokuwa akipona. Kwa sinema ile alipewa tuzo kubwa ya Marekani iitwayo Oscar. Watazamaji walimwona ofisa aliyedhoofika asiyetaka kuanguka mbele ya watu wake, wasijue kwamba baba mmoja alikuwa amewaonyesha kitu alichokitazama kwa machozi nyumbani kwake. Je, mwendo ule ulikuwa uongo? Mimi nasema ulikuwa kweli iliyovaa nguo za kuazima.

Lakini isiwe tukasema kwamba kazi hii haina hatari, kwa maana mzee wetu hakuuliza bure. Mwaka 1948 Guinness aliigiza katika Oliver Twist, hadithi ya Dickens, akawa Fagin, Myahudi mzee anayewafundisha watoto wizi. Walimbandika pua kubwa mno, wakifuata picha za zamani za kitabu kile. Sasa fikirini, vita vilikuwa vimekwisha miaka 3 tu, na katika vita vile Wayahudi wapata milioni 6 walikuwa wameuawa, baada ya kuchorwa magazetini miaka mingi kwa pua kama ile. Sinema ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1949, Wayahudi waliosalia waliandamana kuipinga, pakawa na ghasia. Huko Marekani ilizuiliwa hata mwaka 1951, na vipande vyake vikakatwa. Nadhani nia ya waigizaji haikuwa kutukana taifa. Lakini mtu aweza kushuhudia uongo juu ya jirani yake kwa pua ya kubandika, kama awezavyo kwa ulimi. Mapatano ya hadithi humlinda mwigizaji asiitwe mwongo, lakini hayamlindi jirani aliyechorwa vibaya. Watazamaji huacha hadithi katika jumba la michezo, bali ile pua huenda nayo nyumbani.

Sasa nifike penye jambo lililonigusa kuliko yote. Mwaka 1954 ilitoka sinema iitwayo Father Brown, nayo habari zake ni za padre mmoja mwenye kuwafumbua wezi. Guinness ndiye aliyekuwa padre huyo. Walipokuwa wakiipiga picha katika nchi ya Burgundy, Ufaransa, jioni moja kazi ilisimama kwa kitambo, naye akatembea kurudi mahali alipopanga, hali angali amevaa kanzu nyeusi ya padre. Giza lilikuwa linaingia. Mara akasikia miguu midogo ikikimbia nyuma yake, na sauti ikimwita "Baba" kwa Kifaransa, kama wakatoliki wa kule wanavyowaita mapadre wao. Mtoto wa miaka 7 au 8 akaushika mkono wake, akaukaza, akaenda naye akirukaruka, akizungumza bila kupumzika. Guinness hakuthubutu kusema neno, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kibaya, naye aliogopa kumtisha. Basi wakaenda hivyo, mtoto akisema na padre asiye padre akinyamaza, hata mtoto akamuaga, akapita penye ua wa miti, akaenda zake mwenye furaha.

Guinness akabaki njiani akiwaza. Wakati ule hakuwa mkatoliki, tena alilelewa na kuzoea kulishuku kanisa lile na mapadre wake. Lakini aliona kwamba mtoto asiyemjua kabisa amemtumaini gizani kwa ajili ya kanzu tu. Akajiambia kwamba kanisa linaloweza kutia tumaini kama lile katika mtoto haliwezi kuwa baya kama alivyoambiwa. Tangu siku ile chuki yake ya zamani ilianza kumtoka, na mwaka 1956 alipokewa katika kanisa lile, akakaa ndani yake hata kufa kwake.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mtoto yule hakufanya mapatano yoyote. Hakuketi kutazama hadithi. Kwake yeye kanzu ilikuwa kanzu, na padre alikuwa padre. Basi hapo njiani, kwa mara ya kwanza, mwigizaji huyu alikuwa karibu na uongo kuliko alipokuwa akiigiza, ingawa hakutaka wala hakusema lolote. Jambo lililomwokoa ni kwamba alikwenda kwa upole, hakuuvuta mkono wake, hakumdhuru mtoto. Lakini tumaini lile lilitoka wapi? Halikutoka kwa Guinness. Mapadre wa kijiji kile, watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, walikuwa wamepita njia ile miaka mingi wamevaa kanzu ile, wakawa wema kwa watoto. Wao ndio waliochuma tumaini lile. Yeye aliliazima jioni moja, akaona uzito wake, akaogopa.

Tena yuko mtoto wa pili katika maisha yake. Ile hadithi ya vita vya nyota ilipendwa dunia nzima, na Guinness akawa maarufu kuliko alivyopenda. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 alisimulia kwamba mtoto wa miaka 12 wa San Francisco alimwambia kwa furaha kwamba ameitazama sinema ile zaidi ya mara mia. Guinness akamwomba afanye jambo moja, asiitazame tena kamwe. Mtoto akabubujika machozi, na mama yake akakasirika. Wako wanaosema kwamba mzee alikuwa mkali mno, na labda ni kweli. Lakini naelewa alichokiogopa. Alimwona mtoto aliyeingia katika hadithi asitoke. Mtoto wa Ufaransa aliongozwa na kanzu ya kuazima hata nyumbani kwake. Mtoto wa Marekani alikuwa amepotea ndani ya joho la kuazima, na mwigizaji akaona ni wajibu wake kumtoa, ijapokuwa kwa maneno machungu.

Basi, ndugu zangu, nionavyo mimi, kuvaa sura ya mtu mwingine si uongo mambo matatu yakishikwa. La kwanza, watazamaji wajue. La pili, jirani asichafuliwe jina lake kwa ajili ya kuchekesha au kufurahisha. La tatu, mchezo ukiisha, sura ivuliwe mbele ya watu, hasa mbele ya watoto, ambao hawajui mapatano ya watu wazima. Katika hilo la tatu mimi ndimi niliyekosa. Nalimvika mtoto wa watu sura ya Yuda, nikamwacha aende nayo kisimani.

Siku ya pili nalikwenda nyumbani kwa mzee. Nikamsimulia habari za mtoto wa Burgundy kama nilivyowasimulia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, akachora chini kwa fimbo yake, kisha akasema, "Mwalimu, huyo mtu aliazima kanzu jioni moja akatetemeka. Na wewe? Hilo koti la ualimu unalolivaa kila siku, limechumwa na nani?"

Sikuwa na neno. Maana ni kweli, nalipokuja kijijini hapa, mgeni, kijana, wazazi walinipa watoto wao siku ya kwanza wasiniulize nimetoka wapi. Waliniamkia kwa heshima hata wale walionizidi umri. Sikuwa nimewafanyia wema wowote. Waliotangulia, wale walimu wazee waliofundisha chini ya mwembe kwa mshahara mdogo, ndio waliolijaza koti hili tumaini, nami nalilikuta limejaa. Kila siku naweza kuongeza, au kutumia mpaka liishe. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwalimu, padre, mganga wa zahanati, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji, hata baba nyumbani mwake, sote twatembea katika nguo zilizoheshimiwa kabla hatujazivaa. Twaweza kumcheka mwigizaji wa televisheni aliyekuwa maiti juzi na leo ni daktari. Lakini yeye jioni huvua koti lile, na kila mtu ajua. Sisi mtoto akitushika mkono gizani, hadhani kwamba tunaigiza.

Mzee akanipa ruhusa, lakini kwa sharti. Alisema mjukuu wake atarudi, na Yuda atakuwa Yuda, ila mchezo ukiisha mimi mwenyewe nimshike mkono nimsimamishe mbele ya watu wote, nimwite kwa jina lake la ubatizo na jina la baba yake. Nikakubali. Nikafanya hivyo kwa kila mtoto, aliyekuwa Pilato, waliokuwa askari, na yule aliyekuwa Petro pia, ili aliyekana naye arudishiwe jina lake. Mvulana wetu alipotajwa, watu walipiga makofi kuliko kwa wengine wote, kwa kuwa alikuwa ameigiza vizuri mno hata mama mmoja akalia. Babu yake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakupiga makofi. Alinyosha mkono tu, na mtoto akaenda akaushika, wakaondoka pamoja.